Laiki Hazilipi Kodi ya Fremu

Sisi tunaofanya kazi magazetini tuna bahati moja ambayo mfanyabiashara wa Instagram hana. Kila asubuhi tunaweza kwenda kuona kwa macho yetu tofauti kati ya watu waliotutazama na watu waliotulipa. Nenda kituo chochote cha daladala hapa Dar saa moja asubuhi. Utakuta meza ya magazeti imezungukwa na watu kumi au kumi na watano, mikono nyuma, shingo zimeinama, wanasoma vichwa vya habari. Wanasoma kurasa za mbele zote. Wanabishana kuhusu Simba na Yanga, mmoja anawaeleza wenzake siri za Ikulu kana kwamba alilala huko. Kisha daladala inaingia, wanaigombea, wanaondoka. Muuza magazeti kauza mawili.

Kwa lugha ya mitandao ya kijamii, ile meza "imefikia" watu kumi na watano na imezua "mjadala mkali". Kwa lugha ya muuza magazeti, leo biashara mbaya.

Nimeanza na hilo kwa sababu siku hizi nusu ya watu niliosoma nao chuo wana biashara mtandaoni. Huyu viatu, yule keki, mwingine vipodozi vya kuagiza, na karibu wote wana swali lile lile: nina wafuasi elfu kumi, mbona siuzi? Wanalisema kama swali jipya lililoletwa na simu za kisasa. Ukweli ni kwamba lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Watu wameshapoteza mitaji kwa ajili yake na wengine wamelipatia majibu mazuri tu, tatizo ni kwamba kila chombo kipya cha kutangazia biashara kinapokuja, majibu yale yanasahauliwa na watu wanaanza upya kama vile hakuna aliyewahi kupita njia hiyo.

Katika biashara ya matangazo kuna msemo mmoja maarufu sana. Unadai kwamba nusu ya fedha za matangazo hupotea bure, shida ni kwamba haijulikani ni nusu ipi. Wamarekani wanamtwisha msemo huo John Wanamaker, mwenye duka kubwa la Philadelphia aliyefariki mwaka 1922. Waingereza wanampa Lord Leverhulme, yule wa sabuni. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba yeyote kati yao aliutamka. Kinachonichekesha mimi ni kwamba enzi za uhai wa mabwana hao wawili walikuwapo watu ambao walikuwa wanajua vizuri sana ni nusu ipi inayopotea. Walikuwa wanatumia karatasi na mkasi.

Chukua Coca-Cola. Leo tukilisikia jina hilo hatufikirii biashara ndogo, lakini mwishoni mwa miaka ya 1880 kilikuwa kinywaji cha duka la dawa katika mji wa Atlanta, kisichojulikana na mtu wa mbali. Tangu mwaka 1887 walianza kugawa vikaratasi vya kumruhusu mtu kwenda kwenye duka la dawa na kunywa glasi moja bure. Asa Candler, mfamasia aliyekuja kuimiliki biashara hiyo, aliufanya mpango huo kuwa mkubwa kiasi kwamba inakadiriwa kati ya mwaka 1894 na 1913 glasi milioni 8.5 zilinywewa kwa vikaratasi hivyo. Watu wengi wakiisimulia habari hii wanaisifia kwa ukarimu. Mimi naona uhasibu. Mwenye duka la dawa alikuwa anakusanya vile vikaratasi na kuvirudisha ili alipwe, kwa hiyo kila kikaratasi kilichorudi kilikuwa ni shahidi: kuna mtu mmoja, kwenye duka hili, ameinua miguu yake akaja. Bango la ukutani haliwezi kukuambia hivyo hata likiwa kubwa kama nyumba.

Aliyeifanya kazi hiyo iwe kama sayansi ni Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo aliyefanya kazi na kampuni ya Lord & Thomas ya Chicago na ambaye mwaka 1923 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Scientific Advertising. Huyu bwana alitangaza bia, sabuni, dawa ya meno ya Pepsodent na vitu vingi vingine. Mbinu yake ilikuwa rahisi hata mtoto wa darasa la tano anaielewa. Unaweka tangazo gazetini, na kwenye kona ya tangazo unaweka kuponi ya kukata na kutuma kwa posta ili upate, tuseme, tyubu ya dawa ya meno ya kutumia siku kumi. Ila kuponi ya gazeti hili ina alama yake na ya gazeti lile ina alama nyingine. Barua zikifika, karani anazipanga mafungu. Baada ya wiki mbili unajua gazeti gani limeleta watu na gazeti gani limekula fedha zako. Ukitaka kujua maneno gani yanauza, unaandika tangazo la aina mbili, unazipa alama mbili, unasubiri posta.

Halafu unagawanya. Hapa ndipo wengi wetu tunapochoka, na hapa ndipo penyewe. Fedha ulizolipia tangazo, gawa kwa idadi ya kuponi zilizorudi, unapata bei ya kumpata mtu mmoja aliyenyoosha mkono. Kisha unaangalia wangapi kati ya hao walinunua tyubu ya pili kwa fedha zao, maana mpenda vya bure yupo kila mahali. Hopkins alionya waziwazi dhidi ya kumwaga sampuli kwa kila apitaye. Mtu ambaye hajasumbuka hata kidogo kukipata kitu chako, hujajua lolote juu yake.

Wakati Hopkins anahesabu kuponi, wenye magazeti (wazee wetu wa kazi, siwezi kuwatetea) walikuwa wanafanya jambo jingine kabisa. Walikuwa wanadanganya. Mwenye gazeti la Marekani wa karne ya 19 alikuwa anaweza kumwambia mfanyabiashara kwamba anachapa nakala idadi yoyote aliyoiota usiku, na hakukuwa na namna ya kumbana. Mwaka 1869 mtu mmoja aliyeitwa George Rowell alichapisha orodha ya magazeti ya nchi nzima pamoja na makadirio ya nakala zao, na alipata maadui kwa kazi hiyo. Ilichukua hadi mwaka 1914 kwa watangazaji, mawakala na wenye magazeti kukubaliana kuunda chombo cha kukagua nakala, Audit Bureau of Circulations. Waingereza walifuata na cha kwao mwaka 1931.

Wadau wasiofanya kazi kwenye gazeti hawajui kwamba swali gumu ni nakala ngapi zimerudi, si ngapi zimechapwa. Gari linatoka usiku na mafurushi, na siku za baadaye linarudi na mafurushi. Kati ya kilichotoka na kilichorudi ndipo kilipo mshahara wangu. Mtu wa idara ya matangazo akienda kuonana na mteja huwa hapendi kutaja kilichorudi. Anataja kilichotoka, tena anazidisha mara watu watano, kwa hoja kwamba gazeti moja linasomwa na familia nzima. Nawapenda wenzangu hao lakini hesabu yao ni ile ile ya kabla ya 1914.

Sasa turuke hadi intaneti, kwa sababu katikati hapo kuna redio na televisheni na hizo ni habari za makampuni makubwa. Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired ya Marekani iliweka mabango ya matangazo juu ya kurasa zake, na moja lililokumbukwa zaidi ni la AT&T. Inasimuliwa kwamba 44% ya waliolioona walilibofya. Asilimia arobaini na nne! Leo bango la kawaida la mtandaoni likibofywa na mtu mmoja kati ya mia moja, mwenye tangazo anafanya sherehe. Lile la 1994 lilibofywa kwa sababu ile ile iliyofanya watoto wa kijijini wakimbilie gari la kwanza. Gari la mia moja halikimbiliwi na mtu.

Enzi hizo ndipo vilipoingia vile vihesabio vya chini ya ukurasa, kama kipima maili cha gari, vikisema wewe ni mgeni wa 10,482. Na ndipo lilipoingia neno "hiti". Watu walijisifu tovuti yangu ina hiti milioni. Hiti maana yake ilikuwa faili moja lililoombwa kutoka kwenye kompyuta inayohifadhi tovuti, kwa hiyo ukurasa mmoja wenye picha kumi ulihesabiwa hiti kumi na moja kwa msomaji mmoja. Ukitaka hiti ziongezeke, ongeza picha. Mwenye tovuti hakuongeza msomaji hata mmoja, aliongeza maua pembeni. Mambo yalitulia kidogo mwezi Novemba 2005 Google ilipotoa bure chombo chake cha Google Analytics, na mwenye duka dogo akaweza kuona bila gharama watu wametoka wapi, wamepita ukurasa gani na wamekatia tamaa wapi. Kile chombo kilikuwa kuponi ya Hopkins imerudi katika nguo mpya.

Halafu ikaja mitandao ya kijamii, na mimi naamini mwanzo wake kwa biashara ndogo ulikuwa mzuri kuliko tunavyokumbuka. Mfano ninaoupenda ni wa Kogi, gari la chakula lililoanza kuzunguka Los Angeles mwezi Novemba 2008, likiuza taco za Kimeksiko zilizojazwa nyama iliyopikwa Kikorea. Mpishi wake aliitwa Roy Choi. Hawakuwa na mgahawa wala fedha za bango. Walichokuwa nacho ni akaunti ya Twitter (leo X), na walichoandika humo ni kitu kimoja cha maana: usiku huu tuko mtaa fulani, saa fulani. Watu mamia walipanga foleni. Jarida la Newsweek liliwaandika mwaka 2009.

Angalia walikuwa wanapima nini. Kogi hawakuhitaji kuhesabu wafuasi, kipimo chao kilikuwa foleni. Ukiandika "tuko hapa" halafu foleni haipo, ujumbe umeshindwa, hata kama umesambazwa mara elfu. Ukiandika na foleni ikazunguka kona, umefaulu. Twitter ilifanya kazi ya kipaza sauti cha muuza samaki, na muuza samaki hajawahi kuhesabu masikio.

Mwezi Februari 2009 Facebook ilileta kitufe cha laiki. Mwaka uliofuata, 2010, kurasa za biashara ambazo hapo awali mtu "alikuwa shabiki" wake zikageuzwa kuwa za kulaikiwa. Ghafla kila duka la mtaani likawa na namba kubwa, ya hadharani, inayoonekana na jirani mshindani. Sijui kama kuna kitu kilichowahi kuwapotosha wafanyabiashara wadogo kwa kasi kama ile namba. Ilikuwa rahisi kuisoma na ilikuwa inapanda tu, hata ile siku ambayo dukani hajaingia mtu. Mtu aliyekulaiki mwaka 2011 akasahau kuwa upo, bado amehesabiwa.

Na kumbe hata kukuona hakuoni. Mwaka 2012 Facebook yenyewe ilisema posti ya ukurasa huwafikia kwa wastani 16% ya mashabiki wake. Mwanzoni mwa mwaka 2014, kampuni ya matangazo ya Ogilvy ilipochunguza kurasa zaidi ya mia moja, wastani ulikuwa umeshuka hadi karibu 6%, na kwa kurasa kubwa sana ulikuwa karibu 2%. Maana yake ni kwamba wale watu uliowakusanya kwa jasho, ukitaka kusema nao tena, unalipia. Yaani umejenga duka, umeita wateja, halafu mwenye kiwanja ameweka geti na anatoza kiingilio kwa wateja wako, tena anakutoza wewe.

Namba ikishakuwa heshima, lazima atokee wa kuiuza. Mwezi Januari 2018 gazeti la New York Times lilifichua biashara ya kampuni ya Devumi, iliyokuwa na akaunti za kubuni zipatazo milioni 3.5 inazoziuza na kuziuza tena kwa wateja kama 200,000, wakiwamo wanamichezo na watu wa televisheni. Mwaka 2019 mamlaka za Marekani ziliibana. Hapa kwetu huhitaji kwenda hadi Devumi. Yupo kijana mtaani kwako anayekuuzia wafuasi kwa bei ya chipsi kuku, na anakutumia ndani ya saa moja watu elfu moja wenye majina ya Kihindi na Kibrazili ambao hawatakuja kununua gauni Sinza hata siku ya kiama.

Hata vipimo halali vilikuwa na walakini. Mwezi Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa miaka miwili ilikuwa ikiwaambia watangazaji kuwa watu wanatazama video kwa muda mrefu kuliko ilivyo kweli. Katika kukokotoa wastani iliwaacha nje wote waliotazama chini ya sekunde tatu. Wastani ulivimba kwa kati ya 60% na 80%. Watangazaji walienda mahakamani na kesi ikamalizwa mwaka 2019 kwa makubaliano ya dola milioni 40. Mwenye kuuza tangazo ndiye huyo huyo aliyekuwa anashika rula. Wale wa mwaka 1914 wangeshangaa kwamba tulikubali.

Eric Ries, Mmarekani aliyeandika kitabu cha The Lean Startup mwaka 2011, aliwapa watu neno la kuitia hali hiyo: vipimo vya majivuno. Anasimulia habari ya kampuni yao ya IMVU, ilipoanza ikiwa haina kitu. Walikuwa wanatumia dola tano kwa siku kununua matangazo ya Google, zinawaletea watu kama mia moja wapya kila siku. Jumla ya wateja ilikuwa inapanda vizuri na grafu ilipendeza. Lakini walipowachukua wale mia wa leo peke yao na kuwalinganisha na wale mia wa mwezi uliopita, wakakuta sehemu ya wanaolipa haijasogea, ingawa walikuwa wamekesha wakiboresha bidhaa. Jumla inapanda hata kama hujaboresha chochote, kwa sababu jumla haina kazi nyingine. Kwa muuza keki swali linakuwa hivi: katika watu waliokuuliza bei mwezi huu, wangapi wamelipa, na je, ni wengi kuliko wa mwezi uliopita? Ni swali dogo na linauma.

Lakini msidhani kwamba ukishahesabu wanunuzi umemaliza. Kuna kisa cha Uingereza ambacho kila mwenye biashara ndogo angetakiwa akijue. Mwaka 2011, mwaka ule ule Groupon ya Chicago ilipoingia kwenye soko la hisa, kiwanda kidogo cha keki kiitwacho Need a Cake, huko Woodley karibu na mji wa Reading, kiliweka ofa kupitia Groupon: keki ndogo 12, ambazo bei yake ilikuwa pauni 26, kwa pauni 6.50. Mwenye kiwanda alitarajia watu kiasi. Walijitokeza 8,500. Hizo ni keki 102,000, kwa biashara yenye wafanyakazi wanane. Alilazimika kukodi vibarua 25, gharama ikafika pauni 12,500, na kwa kila boksi lililotoka alikuwa anapoteza kati ya pauni 2.50 na 3. Faida ya mwaka mzima iliondoka.

Hawa walikuwa watu halisi, wenye fedha mkononi. Kwa kipimo cha laiki ni ushindi, na kwa kipimo cha "umeuza boksi ngapi" ni ushindi vilevile. Ni ukikaa na gharama za unga, siagi na vibarua ndipo unagundua kwamba kila mteja anayeingia anachukua kipande cha mtaji wako na kuondoka nacho. Mtaji hukatika hivyo hivyo, duka likiwa limejaa. Mwenye duka la rejareja wa zamani pale Kariakoo, yule wa daftari la madeni na penseli sikioni, asingehitaji kusoma Hopkins kulijua hilo. Alikuwa anajua faida ya kila kipande cha sabuni.

Baki kitu kimoja, na nimekiacha mwishoni kwa sababu ndicho kilichonivutia hata nikaandika yote haya. Unajuaje kwamba mteja asingekuja hata bila tangazo? Mwaka 2012 wachumi wa kampuni ya eBay, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, waliamua kujibu kwa njia ambayo wengi wanaiogopa: walizima. Kwanza walisitisha matangazo yanayotokea mtu anapotafuta neno "eBay" lenyewe kwenye mitambo ya utafutaji ya Yahoo na Microsoft. Wabofyaji 99.5% walikuja vilevile, wakipita kwenye matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Kampuni ilikuwa inalipa ili watu waliokuwa mlangoni waingie mlangoni. Kisha wakazima matangazo mengine katika sehemu ya miji ya Marekani na kuyaacha katika mingine, wakalinganisha mauzo. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Matangazo yalisaidia kwa watu wapya na wale wanaonunua mara chache, yaani watu wasioijua vizuri eBay. Kwa wateja wa kila siku yalikuwa kelele. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Econometrica.

Mtu ataniambia eBay ni tembo, sisi ni sisimizi. Naona kinyume. Tembo alihitaji wachumi watatu. Mwenye fremu moja anahitaji kufunga tangazo wiki mbili na kuangalia droo.

Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, ana biashara ya kushona magauni ya vitenge. Ukurasa wake una wafuasi zaidi ya elfu kumi na moja, wengi wa kweli, aliowakusanya kwa miaka. Alikuwa amepanga fremu barabarani Sinza, kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida ya mji huu, na kila wiki alikuwa anatoa fedha kulipia posti zake zisambazwe. Ikifika jioni alikuwa ananionyesha simu: mia tisa wamelaiki hili la bluu. Hakuwa anajidai, alikuwa ananiuliza, maana miezi miwili ilibaki kodi nyingine idaiwe, na mume wake alikuwa ameshaanza kununa.

Nilimsimulia habari ya kuponi. Tukachukua daftari la shule, tukapiga mistari. Kila anayelipa anaulizwa umetufahamu wapi, kinaandikwa alicholipa, gharama ya kitambaa na fundi, na kama ni mara yake ya kwanza. Kwenye posti za kulipia aliweka neno la siri, tofauti kila wiki, ukilitaja unapata punguzo dogo. Wiki mbili za katikati alizima malipo yote ya matangazo, akabaki na picha za kawaida na stetasi ya WhatsApp.

Daftari lilipojaa mwezi, waliotaja neno la siri hawakumaliza vidole vya mikono miwili. Wengi walikuwa wateja wa zamani na watu walioletwa na wateja wa zamani, kupitia WhatsApp, na zile wiki mbili za kuzima hazikuwapunguza hao. Wapita njia, ambao ndio sababu ya kulipia fremu ya barabarani, walikuwa wachache na walinunua vitu vidogo. Tulikaribia kusema Instagram haina faida, tufunge. Kisha yeye mwenyewe, si mimi, akasoma safu ya fedha badala ya safu ya vichwa. Katika wale wachache wa neno la siri, wawili walikuwa wanatafuta mshonaji wa sare za harusi. Mmoja alileta wanawake kumi na wawili. Wote walikuwa hawamfahamu kabla, wametoka Kigamboni na Mbagala, ambako hakuna rafiki wala jirani angeweza kulifikisha jina lake. Oda hizo mbili zilizidi faida ya wapita njia wote wa mwezi ule.

Sasa halipii tena picha za magauni ya kila siku. Hulipia picha za sare tu, miezi ambayo harusi ni nyingi, na huandika bei pale pale chini ya picha badala ya ile "bei njoo inboksi" yetu, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba wanaokuja inboksi kuuliza bei wengi huishia hapo hapo. Kodi ya fremu ilipofika alirudisha funguo, akahamishia vyerehani viwili nyumbani Tabata. Laiki zimepungua karibu nusu. Shemeji ameacha kununa, ingawa sasa analalamika kwamba sebule imejaa vitambaa.